Kuachisha Nepi Kando ya Ziwa

Mtoto aliyevaa nepi ya kitambaa hujua amelowa. Baridi humshika mapajani, kitambaa huwa kizito, naye huanza kutembea ameachanisha miguu, au hulia, au huvuta pini kwa hasira. Pampasi imetengenezwa ili asijue. Ndani yake mna chembechembe zinazofyonza mkojo na kuuzuia usirudi, sehemu inayogusa ngozi hubaki kavu, na mtoto huendelea na mchezo wake bila kushtuka. Mwandishi wa makala haya, aliyelea watoto wake wawili Nkome, anashikilia kwamba tofauti hiyo moja ina uzito kuliko ushauri mwingi ambao mama hupewa kuhusu umri wa kumwachisha mtoto nepi.

Nkome iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye barabara inayotoka Geita mjini kupitia Nzera. Wageni huifahamu kwa boti zinazovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Wenyeji huifahamu kwa sangara na dagaa, na kwa vijana ambao msimu huu wako mwaloni na msimu ujao wako kwenye mashimo ya dhahabu. Mwandishi aliolewa huko akitokea Shinyanga mjini, baada ya Geita kuwa mkoa mwaka 2012, na sandukuni alikuwa na pakiti za pampasi alizopewa na mashoga zake kwenye sherehe ya kumuaga. Pakiti ziliisha mapema. Duka la karibu lilikuwa nazo, lakini bei yake na kipato cha nyumba inayotegemea dagaa havikupatana.

Mama mkwe alifungua kasha lake, akatoa kanga kuukuu zilizolainishwa na miaka ya kufuliwa, akazichana vipande vya mraba na kuzipinda kingo kwa sindano ya mkono. Akamwonyesha mkamwana wake namna ya kukunja kitambaa kiwe pembetatu, kumlaza mtoto juu yake, kupitisha ncha moja katikati ya miguu na kuzikutanisha zote tatu chini ya kitovu kwa pini, kidole cha mama kikiwa kati ya pini na ngozi ya mtoto. Nepi mbili zilivaliwa pamoja wakati wa usiku. Mchana ilitosha moja.

Kufua kulikuwa na utaratibu usiovunjwa. Nepi ya mkojo ilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo yenye mfuniko. Nepi ya choo kikubwa ilipita kwanza chooni, ikakung'utwa shimoni, ikasuuzwa kwa maji ya kopo hapohapo, ndipo ikalowekwa peke yake na kufuliwa kwa sabuni ya mche. Wakati wa kiangazi jua na upepo wa ziwani vilimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Masika ilipoingia, kamba ilijaa vitambaa visivyokauka, na nepi zikahamia jikoni, zikatoka zikinuka moshi. Hapo pasi ya mkaa ilikuwa ya lazima. Katika nchi za joto za Afrika, Tanzania ikiwemo, yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, hasa zenye unyevu au harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, funza wake hupenya kwenye ngozi na kuleta uvimbe kama jipu wenye tundu katikati. Joto la pasi, likipitishwa pande zote mbili na kwenye mishono, huyaua.

Anayefua nepi kwa mikono yake kila siku hahitaji kuhubiriwa kuhusu faida ya mtoto kujua choo. Maji yanachotwa kwa kichwa, sabuni inanunuliwa, mikono inapasuka. Kila mkojo unaoingia kwenye poti badala ya nepi ni kitambaa kimoja kisichofuliwa kesho. Ndiyo maana, mwandishi anavyoona, bibi wa zamani hawakuwa na haja ya kalenda; ndoo ya nepi ilikuwa inawakumbusha.

Na mama mkwe huyu hakusubiri mjukuu atembee. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anakaza shingo alipoanza kazi yake. Aliketi uani, akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati ya mapaja yake akiwa ametazama mbele, mgongo umeegemea tumbo la bibi, akatoa sauti ya polepole, "ssss, ssss." Mkamwana alisimama kando na ndoo mkononi.

"Mama, si bado mdogo huyu?"

"Mwanangu, kutembea ndiyo bado. Kukojoa anakojoa tangu siku aliyozaliwa."

Mkojo ukaja. Bibi akamsifia, akambeba, akamrudisha kwa mama yake anyonye. Hakukuwa na shangwe kubwa wala kero. Siku nyingine mkojo haukuja, naye alimnyanyua tu na kuendelea na dagaa wake. Kilichomshangaza mwandishi zaidi ni macho ya yule bibi. Mtoto akiwa mgongoni kwenye mbeleko, bibi alijua kabla hajalowesha: mtoto hunyamaza ghafla, hukaza miguu, hujinyonganyonga, kisha hutulia. Aliyembeba mtoto mgongoni kutwa nzima huyasoma hayo kwa ngozi yake mwenyewe. Mtoto anayelala peke yake chumba cha pili na pampasi kavu hana wa kumsoma.

Elimu ya namna hii iliwahi kuandikwa katika jarida kubwa la kitabibu. Mwaka 1977 Marten deVries na Rachel deVries walichapisha katika Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto wa Marekani, utafiti kuhusu Wadigo, watu wa pwani ya Kenya na Tanzania. Waliwakuta akina mama wanaoamini kwamba mtoto anaweza kujifunza mara tu baada ya kuzaliwa, na wanaoanza kumzoesha haja katika wiki za mwanzo. Mama wa Kidigo aliketi chini amenyoosha miguu, akampakata mtoto katikati yake, akatoa sauti maalumu ya kumwita mkojo. Mtoto alipokojoa alipewa ziwa au alikumbatiwa. Kufikia miezi mitano au sita, waliandika watafiti hao, watoto walikuwa wamefikia kukaa wakavu mchana na usiku. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mazingira na desturi za jamii vina nafasi kubwa zaidi katika utayari wa mtoto kuliko ilivyodhaniwa wakati ule.

Mtu asielewe vibaya. Mtoto wa miezi sita hajipeleki chooni, hajui kuvua wala kunawa. Kinachofanyika ni makubaliano kati ya watu wawili: mtoto anatoa ishara, mlezi anaitikia. Uwezo wa kujizuia mwenyewe kwa muda mrefu, kusema, kuvua na kuchuchumaa huja baadaye. Lakini mtoto aliyezoea kwamba mkojo una mahali pake hafiki umri huo akiwa mgeni wa jambo.

Huko Marekani mambo yalikuwa yamekwenda njia nyingine. Vitabu vya malezi vya miaka ya 1920 na 1930 vilihimiza ratiba kali, mtoto aketishwe saa ileile kila siku, apende asipende. Daktari wa watoto T. Berry Brazelton alikuja kuupinga ukali huo. Mwaka 1962, katika jarida hilohilo la Pediatrics, alieleza kuhusu watoto 1,170 waliofundishwa kwa kufuata utayari wao wenyewe. Kwa wastani walikauka mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1961, Pampers zilikuwa zimeingia sokoni nchini mwake, na miaka mingi baadaye Brazelton mwenyewe alifanya kazi na kampuni inayozitengeneza kama mshauri wa wazazi.

Mwandishi anamheshimu Brazelton kwa jambo moja kubwa: alisema mtoto asilazimishwe, asiadhibiwe, asiaibishwe. Hilo ni kweli Marekani na ni kweli Nkome. Tatizo ni kwamba neno lake la "subiri" lilisafiri pamoja na pampasi na kufika kwetu bila maelezo. Mama kijana leo anaambiwa asubiri mtoto awe tayari, lakini mtoto huyo amevalishwa kitu kinachomficha jambo lenyewe analotakiwa kuwa tayari nalo. Kusubiri kwa mtoto wa nepi ya kitambaa ni tofauti, maana kila siku anapata somo bila mwalimu.

Kazi yenyewe ya kumtoa binti wa mwandishi kwenye nepi ilifanyika alipokuwa amepita mwaka mmoja na nusu, anatembea vizuri na anaelewa akitumwa kuleta kijiko. Wakati ulichaguliwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika, na wanawake wanaoanika na kugeuza dagaa juani hupata siku za kukaa nyumbani. "Tumngoje mwezi," alisema mama mkwe, na walingoja. Kumfundisha mtoto choo kunahitaji mtu mzima ambaye kwa siku kadhaa hana haraka. Mwandishi angependa jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kuliko yote mengine. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kuponda mawe kwenye machimbo na kurudi jioni hana uzembe wowote akichelewa kumtoa mtoto wake kwenye nepi. Hana tu mbalamwezi yake.

Poti ilinunuliwa mnadani, ya plastiki, pana chini ili isipinduke. Iliwekwa uani karibu na mlango wa choo. Kuna sababu ya kuanza na poti badala ya choo chenyewe: tundu la choo cha shimo limepimwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto akisimama juu yake huona giza, husikia mwangwi, huhisi joto na nzi, na hofu yake ya kutumbukia ni hofu ya haki. Baada ya kila haja, binti alifuatana na mama kwenda kumwaga poti shimoni, akaangalia, kisha wote wawili wakanawa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi kilichoning'inizwa hapo nje. Alipenda kukanyaga kijiti na kuona maji yakitoka. Mwandishi anakiri hajui mtoto asiyependa hilo.

Mchana nepi ilivuliwa kabisa, binti akabaki na kigauni. Huo ndio uzuri wa ua wa mchanga: mkojo ukimwagika hakuna zulia la kulilia. Wachina kwa vizazi vingi wamewavalisha watoto suruali zilizo wazi katikati kwa sababu hiyohiyo, ili mtoto achuchumae bila kungoja kuvuliwa. Poti ililetwa nyakati zilezile: akiamka, baada ya uji, kabla ya kuoga, kabla ya usingizi wa mchana. Uji una kazi yake maalumu hapo. Chakula kikiingia tumboni huuamsha utumbo mpana, kwa hiyo muda mfupi baada ya kula ndio wenye matumaini makubwa ya haja kubwa. Akikaa na kutotoa kitu, aliinuliwa baada ya hadithi fupi. Hakushikiliwa.

Ajali zilikuwepo tele. Alikojoa kwenye mkeka, mlangoni, na mara moja juu ya wavu wa dagaa, jambo lililomfanya babu yake acheke hadi kukohoa. Watoto wa jirani walipoanza kumwita kikojozi na kumpigia makofi, mama mkwe alitoka jikoni na kuwatawanya, kisha akamwambia mkamwana kwa sauti ya chini, "Mtoto akiona aibu, anabana." Bibi huyo hakusoma udaktari, lakini madaktari wa watoto wanalijua vizuri alilolisema. Mtoto anayeogopa au kuaibishwa huizuia haja kubwa. Choo hukaa, hukauka, huwa kigumu, siku kikitoka humuumiza, naye huzidi kuzuia. Wazazi huanza kutafuta dawa ya tumbo wakati chanzo ni makofi, vitisho au fimbo. Hakuna mtoto aliyewahi kujifunza choo kwa kuchapwa akakijifunza vizuri, na mwandishi haoni sababu ya kulainisha maneno hapa.

Usiku ni habari nyingine. Binti alikauka mchana mapema zaidi kuliko usiku, akaendelea kulala na nepi mbili na nailoni chini ya shuka kwa muda mrefu. Mwili wa mtoto hujifunza taratibu kupunguza mkojo wa usiku na kumwamsha kibofu kikijaa, na hakuna poti inayoweza kuuharakisha. Wataalamu hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka mitano, na hata katika umri huo karibu asilimia 15 ya watoto bado hulowesha. Mdogo wake wa kiume alifundishwa na watu walewale, uani palepale, na poti ileile, akachukua muda mrefu zaidi kukauka mchana na mfupi zaidi kukauka usiku. Hapakuwa na maelezo ya kutosha zaidi ya kwamba ni mtoto mwingine.

Sasa ziwa.

Asubuhi ufukweni, wanawake huinama wakifua. Baadhi ya nguo hizo ni nepi, na wapo wanaozisuuza majini na choo chake, kwa imani iliyoenea sana kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara. Hakuna imani inayoumiza watu wa mwambao wa ziwa kuliko hii. Kanda hii ina kichocho cha aina mbili: huko bara, Shinyanga na majirani zake, hupatikana zaidi kile cha mkojo, kinachoambukizwa kwenye mabwawa, malambo na majaruba ya mpunga, ilhali pembezoni mwa Ziwa Victoria kimetawala kile cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa kinyesi. Yai likifika majini huanguliwa, kijidudu humtafuta konokono, hukua na kuzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha vijidudu vipya hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini. Na wa kwanza kuwa majini ni watoto: anayeogeshwa ufukweni, anayecheza wakati mama anafua, anayetumwa ndoo. Mtoto mdogo huambukizwa, kinyesi chake huwa na mayai, nepi yake ikisuuzwa ziwani hurudisha ugonjwa kwa konokono walewale. Ukiongeza kuhara na kipindupindu, kama kile kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kufika hadi Kanda ya Ziwa, utaona kwamba nepi moja si jambo dogo.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha kampeni ya Nyumba ni Choo, ikihimiza kila kaya iwe na choo bora. Ilikuwa kampeni nzuri na ilisikika hadi vijijini. Lakini kaya inaweza kuwa na choo bora chenye mlango na mfuniko, na bado kinyesi cha mdogo kuliko wote kikaishia ziwani, kwa sababu kinasafiri ndani ya nepi. Kila wiki ambayo mtoto anatangulia kuijua poti ni wiki ya nepi chache zinazoweza kufika majini. Hapo ndipo bibi, poti na afya ya kijiji kizima vinapokutana.

Hata maji ya kufulia yana la kuzingatia. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwa konokono haviishi muda mrefu. Maji ya ziwa yakichotwa na kuachwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, huwa yamepoteza uwezo wa kuambukiza kichocho. Yasinywewe bila kuchemshwa, lakini kwa kuoga na kufua ni salama zaidi kuliko kuingia majini kwa miguu. Nyumbani kwa mwandishi yalipangwa madumu mawili kwa zamu, moja likilala na jingine likitumika.

Pampasi nazo zina mahali pake, na mama asiilaumu nafsi yake kwa kuzitumia safarini, hospitalini, au wakati wa masika nepi zote zikiwa mbichi. Ila hazina pa kwenda. Zikitupwa shimoni huvimba na kulijaza kabla ya wakati, zikitupwa jalalani hufukuliwa na mbwa, zikitupwa ufukweni hurudishwa na mawimbi. Mwandishi ameziona zote tatu.

Kwa wauguzi wa kliniki za mama na mtoto na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ombi ni hili: mtoto anapokuja kupimwa uzito akiwa na miezi sita, muulizeni mama mtoto wake anajisaidia wapi na nepi zinasuuzwa wapi, kama mnavyomuuliza kuhusu chanjo na uji. Akina baba, tundu la choo likichimbwa, wekeni mfuniko na ubao wenye tundu dogo ambao mtoto wa miaka mitatu anaweza kusimama juu yake bila kutetemeka. Na akina mama wa mwaloni, choteni maji, mfulie uani, na choo cha nepi kiingie shimoni kabla ya kitambaa kugusa ndoo.